Barua ya wazi kwa wakubwa wa Roma: sheria inayonibana ina majina ya watu wawili

Kwa Waziri Mkuu Giorgia Meloni, naibu wako Matteo Salvini, waziri wa mambo ya ndani Matteo Piantedosi, na wakubwa wengine wote mlioko Roma,

Salamu zangu ziwafikie. Mimi ni Mkenya wa Malindi, napika pizza Napoli. Najua hapo mshacheka, mtu wa Malindi kuja kuwapikia Wanapoli pizza, lakini ndivyo ilivyo na hakuna mteja aliyewahi kurudisha sahani. Naandika kwa Kiswahili manake Kitaliano changu ni cha ufuoni na cha jikoni, mbele ya wakubwa kinaingia kigugumizi, na pia nataka wenzangu waisome kabla yenu. Balozi mnazo Nairobi na Dar es Salaam, mkalimani hamtamkosa.

Mama Meloni, kwetu mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake, ndiyo heshima, nami la mwanao siliweki kwenye mambo haya kwa hiyo nakuita Mama tu. Naikumbuka hotuba yako ya Oktoba 2019 pale uwanja wa San Giovanni, Roma, ulivyosema wewe ni Giorgia, ni mwanamke, ni mama, ni Mkristo. Sina neno na hayo. Neno langu ni makaratasi, na bei ya makaratasi, na nani anayekula hiyo bei.

Sheria inayotubana huku inaitwa Bossi-Fini, ya mwaka 2002. Kwa kifupi inataka mgeni awe na mkataba wa kazi, na mkataba wenyewe aupate akiwa bado kwao. Yaani mwenye mgahawa wa Napoli aajiri mtu aliyeko Malindi ambaye hajawahi kumuona akikata hata kitunguu. Nani anaajiri hivyo? Wewe Bwana Salvini ungechukua mpishi namna hiyo? Kwa hiyo kila mtu anajua inavyokwenda, mtu anaingia kwa visa ya utalii au kwa njia anazozijua Mungu, anapiga kazi gizani miaka na miaka, halafu anahangaika kutafuta mkataba ili ionekane kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Mkataba ndio roho. Bila mkataba hakuna permeso, yaani kibali cha kuishi, bila permeso hakuna nyumba ya kupanga kihalali, wala benki, wala kwenda kumzika mama. Na kitu kikishakuwa roho ya mtu, bwana, hakikosi muuzaji.

Sasa tuje kwa hao wazee wawili wenye majina yao.

Umberto Bossi ndiye aliyeanzisha Lega, chama chako Bwana Salvini, chama kilichokuwa kikipita mitaani kikiimba "Roma ladrona", Roma jizi. 2012 wachunguzi walipofungua sefu ya mweka hazina wa chama walikuta faili limeandikwa kwa Kiingereza "The Family", na ndani yake matumizi ya nyumbani kwa mzee yaliyolipwa na pesa za chama, pesa ambazo asili yake ni ruzuku ya serikali, yaani za mlipa kodi. Ikatajwa mpaka digrii ya mtoto wake kutoka chuo kimoja cha Tirana, Albania, mtoto mwenyewe akasema hajui lolote. (Albania ishikeni hapo, tutarudi.) Kesi zikaenda, 2017 Bossi akahukumiwa ngazi ya kwanza, 2019 mashtaka yakafa kwa sababu muda wa kisheria umepita, lakini deni la yuro milioni 49 likabaki kwa chama. Na 2018 chama kikakubaliana na waendesha mashtaka wa Genova kulipa pole pole, yuro laki sita kwa mwaka. Nimefanya hesabu kwenye karatasi ya kufungia pizza, inakuja kama miaka 80.

Mimi permeso yangu ikiisha nikazembea siku 60 bila kuomba mpya, sheria inaruhusu nifukuzwe nchini. Wao miaka 80, mimi siku 60. Sisemi kitu, natazama tu.

Wa pili ni Gianfranco Fini, ambaye Mama unamjua vizuri manake umelelewa kisiasa kwenye chama chake. Aprili 2024 mahakama ya Roma ilimpa miaka miwili na miezi minane, hukumu ya ngazi ya kwanza, kwa mambo ya kutakatisha pesa yanayohusu nyumba moja ya Monte Carlo. Yeye anakana. Sawa, rufaa ni haki yake na namwombea heri. Lakini nyie hamuoni haya hata kidogo kila mkitamka jina la hiyo sheria? Mimi kila nikienda kwenye ofisi ya permeso na stempu yangu ya yuro 16 na fotokopi zangu, nikiona kwenye fomu makatazo yote yale, najiuliza hawa waliotutungia adabu walikuwa wanajitungia nini wenyewe.

Niseme na yangu nisije nikajifanya malaika. Korona ilipoingia 2020 serikali iliyokuwepo, si yenu, ilifungua mlango wa kuhalalisha watu wa mashambani na wa kazi za majumbani, maombi yakapita laki mbili. Mwajiri alitakiwa alipe yuro 500 na nyote mnajua mifuko iliyozitoa ni ya nani. Mwajiri niliyekuwa nampikia aligoma, alisema anaogopa ukaguzi, basi nikatafutiwa bibi mmoja wa miaka themanini na kitu ambaye ati ndiye namtunza, namuogesha, namlisha. Huyo bibi sijamuona mpaka leo, Mungu ampe umri mrefu. Aliyenitafutia ni mtu mwenye kaofisi ka kujaza fomu za kodi, mwenyeji wa hapa hapa, msalaba shingoni, na kura yake anaipigia mrengo wa kulia, hafichi. Alitaka elfu nne. Nilipompelekea zile mbili za kwanza kwenye bahasha, alizihesabu mbele yangu huku simu kaibana kwa bega, anamlalamikia mwenzake vile wageni wamejaa mpaka kwenye basi hupati pa kukaa. Analamba kidole, anahesabu, analalamika, analamba kidole. Nilitaka kucheka nikakumbuka pesa ni zangu.

Ndio maana nasema, na hili ndilo hasa lililonikalisha kuandika: kila mkikaza kamba huku juu, huku chini mnapandisha bei. Mtu haachi kuja, analipa zaidi. Na anayepokea siyo mgeni mwenzangu peke yake kama mnavyopenda kuonyesha kwenye televisheni, ni mhasibu, ni mwenye shamba, ni wakili, ni afisa, ni watu wenye kura.

Na nyie wenyewe mnajua. Juni 2024 Mama ulienda kwa mwendesha mashtaka mkuu wa kupambana na mafia ukaweka karatasi mezani. Ulisema ile nafasi ya kuomba wafanyakazi kutoka nje, ile ya kubofya kompyuta siku moja wanayoiita klik dei, imeingiliwa na wahalifu. Maombi ya 2023 ya msimu yalikuwa 282,000, na 157,000 yalitoka mkoa mmoja tu, huu wetu wa Campania, wakati Puglia yenye mashamba mengi kuliko sisi ilitoa 20,000. Ukasema watu wanalipa mpaka yuro 15,000 kwa faili moja. Nilivyosikia nilipiga makofi jikoni peke yangu, wallahi, nikasema leo mtawala kasema kweli. Halafu? Mlileta ukaguzi zaidi, alama za vidole kwenye ubalozi, fomu za kujaza mapema. Oktoba 2024 mkaweka na permeso kwa mtu anayenyonywa akimripoti anayemnyonya, hilo zuri, nalikubali. Lakini mzizi wenyewe hamkuugusa. Mkataba bado unapatikana kabla ya kuonana, kwa hiyo mkataba bado ni bidhaa.

Nina jirani, Mbangladeshi, tunakaa jengo moja karibu na stesheni. Aliuza shamba la baba yake akalipa yuro elfu kumi na mbili kwa kibali cha kufanya kazi msimu mmoja. Kibali kilikuwa cha kweli, muhuri wa kweli, visa ya kweli, hata ndege alipanda kama mtu. Wakati ule ukishafika ulikuwa na siku nane za kwenda na mwajiri kusaini. Alimpigia mwajiri simu haipatikani. Akaenda kwenye anwani, akakuta ni duka la matairi lililofungwa. Ameniambia alikaa pale nje mpaka jioni kwenye begi lake akifikiri labda mwenyewe ameenda kula. Msimu ukapita, visa ikaisha, na mtu aliyeingia Italia kwa mlango wa mbele sasa ni haramu kama aliyekuja na mashua. Na siye peke yake, wale wa Ero Straniero, kampeni ya kutetea wahamiaji, walipofuatilia nafasi za 2023 wakakuta chini ya robo ndizo zilizofika mpaka kwenye permeso. Hao wengine wako wapi? Njooni raundabauti saa kumi na nusu alfajiri mtawaona.

Nimesimama pale na mimi, miaka yangu ya kwanza. Mnasimama na mfuko wa plastiki una buti na chupa ya maji, vani inapunguza mwendo, dirisha linashuka, anaonyesha vidole, watatu, wanne. Hakuna kuuliza kazi gani wala bei. Jioni unapewa yuro 35, na dereva anakata tano za usafiri. Juni 2024 kule Latina Mhindi mmoja wa miaka 31 mashine ilimkata mkono shambani, akaachwa nje ya nyumba yake na mkono wake ndani ya kreti la matunda, akafa siku mbili baadaye. Hakuwa na makaratasi. Mlihuzunika wote, bungeni mlisimama. Mimi nilikuwa najiuliza tu, huyo bila ile sheria angekuwa na mkataba, na kwenye mkataba mtu angepiga simu ya ambulensi.

Hiyo yuro 35 ina hadithi nyingine. Desemba 2014 Roma walikamatwa watu wengi kwenye kesi mliyoiita Mafia Capitale. Kwenye simu zilizonaswa kuna bwana anaitwa Salvatore Buzzi, mkuu wa ushirika uliokuwa unachukua tenda za kuhudumia wahamiaji, anamuuliza mwenzake kama ana habari ni kiasi gani anatengeneza kwa wahamiaji, ati dawa za kulevya zinalipa kidogo kuliko hao. Serikali ilikuwa inatoa karibu yuro 35 kwa kichwa kwa siku kuendesha vituo, mhamiaji mwenyewe mkononi anapata mbili na nusu. Mshirika wake mkubwa, Massimo Carminati, alitokea kwenye vikundi vya silaha vya mrengo wa kulia kabisa. Tena meya wa zamani wa Roma, Gianni Alemanno, wa upande wenu, akahukumiwa kwa kuuza ushawishi wake, na mkesha wa mwaka mpya wa 2025 akaingia gerezani kwa kuvunja masharti ya adhabu. Mahakama ya juu ilisema 2019 kwamba haikuwa mafia, ulikuwa ufisadi wa kawaida. Wa kawaida! Na wa mrengo wa kushoto walikuwemo pia mezani, tusidanganyane, pesa haina chama. Lakini hao wa kushoto hawakuomba kura kwa kunitukana mimi.

Halafu Agosti 2024 mkafuta kosa la matumizi mabaya ya ofisi kwenye sheria zenu za jinai. Lilikuwa linawasumbua mameya, mlisema. Wakati huo huo rais wa mkoa wa Liguria, Giovanni Toti, mliyemuunga mkono, alikuwa ametoka kujiuzulu baada ya kukamatwa kwa mambo ya hongo. Nyani haoni kundule.

Turudi Albania niliyosema mshike. Novemba 2023 mlisaini na Edi Rama, waziri mkuu wa Albania, mjenge huko vituo vya wahamiaji, Shengjin na Gjader, gharama ikakadiriwa yuro milioni 670 kwa miaka mitano. Oktoba 2024 meli ya jeshi la maji, Libra, ikapeleka watu 16, Wabangladeshi 10 na Wamisri 6. Wanne wakarudishwa papo hapo, wawili ni watoto na wawili wagonjwa. Siku chache baadaye mahakama ya Roma ikasema na wale 12 warudishwe. Meli nzima ya vita, watu 16, wote wakarudi Italia ndani ya wiki. Kwa mafuta ya safari ile ningewafungulia hao 16 pizzeria.

Na Januari 2025 mlikuwa na mtu mkononi, Osama Almasri wa Libya, anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa mateso ya watu kwenye gereza la Mitiga. Kakamatwa Torino, siku mbili baadaye mmemrudisha Tripoli kwa ndege ya serikali. Mama, ulituahidi utawasaka wasafirisha watu dunia nzima, umesema mwenyewe mara ngapi. Jikoni kwetu kuna kijana Msudani aliyepita Libya, siku ile habari inaonyesha Almasri anashuka kwenye ndege anabebwa juu juu, alizima televisheni akaendelea kumenya viazi. Hakusema neno hata moja.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu Malindi labda hamjui. Malindi imejaa ndugu zenu, wako tangu siku za kituo cha roketi cha San Marco pale Ngomeni, miaka ya sitini. Wengine watu wema wameoa kwetu, wengine hatujui walikimbia nini. Aliyenifundisha pizza alikuja na mabegi mawili, akapata kiwanja karibu na maji, akakaa miaka 19 na Kiswahili chake kikaishia "pole pole" na "lete bia". Kibali chake alinunua, hakuficha, kwa dalali aliyejuana na mtu wa ofisi fulani. Kwetu ufisadi tunao wa kutosha, hatuji kuwafundisha usafi. Ila mimi sijawahi kusikia mwanasiasa wa Malindi akisimama jukwaani kusema Wataliano wanatuvamia. Tuliwaita wawekezaji. Yeye alinunua karatasi yake kwa Mkenya, mimi nikanunua yangu kwa Mtaliano, tofauti ni kwamba yeye akilala anaota samaki na mimi naota polisi.

Kuna binti wa rafiki yangu, Mtanzania, hawa Watanzania wako Napoli zamani sana kuliko mnavyofikiri. Binti ana miaka 11, kazaliwa hapa hapa, Kinapoli anakiongea mpaka madereva wa basi wanageuka. Kwa sheria yenu ya 1992 uraia asubiri mpaka afike 18. Wazazi ni miaka 10 ya kukaa halafu kusubiri faili. Juni 2025 ikaja kura ya maoni kushusha hiyo 10 iwe 5, na wewe Mama ukaenda kituoni ukakataa kuchukua karatasi, makusudi idadi ya wapiga kura inayotakiwa isitimie. Na haikutimia, waliojitokeza walikuwa kama asilimia 30. Binti alimuuliza baba yake kwa nini mama yule ameenda kama hataki kupiga. Baba yake hakuwa na jibu, akaniletea mimi, nami ninawaleteeni.

Jambo linalonichosha zaidi ni kwamba mnatuhitaji na mnajua. 2023 mpaka 2025 mlifungua nafasi 452,000 za wafanyakazi wa nje, na kwa 2026 mpaka 2028 mkatangaza karibu nusu milioni. Watoto waliozaliwa Italia 2024 ni kama 370,000 tu. Jukwaani mnafunga bandari, ofisini mnasaini nafasi. Waliofika kwa mashua wamepungua, 2023 walizidi 157,000 na 2024 kama 66,000, haya piga kifua, lakini waliolipia kibali hewa nani anawahesabu?

Ombi langu si kubwa. Mlikuwa na sheria ya 1998 iliyoruhusu mtu aje chini ya mdhamini atafute kazi kwa uso wake, akikosa arudi. Bossi na Fini waliifuta. Irudisheni hata kwa majaribio, hata muipe jina la nani mtakaye. Huyu jirani yangu na wenzake walioingia kwa visa yenu na muhuri wenu wakakuta duka la matairi, wapeni permeso ya kutafuta kazi, hawakuwadanganya wao, walidanganywa na fomu yenu. Na wale wenye vikaofisi vya msalaba na kidole cha kulamba, anzeni nao. Sio wagumu kupatikana, wana mabango nje.

Nimemaliza kuandika hii saa tisa usiku, nimetoka kufunga oveni. Jirani yangu ameamka anafunga buti zake kwenye ngazi, ameniona na simu akaniuliza naandikia nani. Nimemwambia naiandikia serikali. Ameniuliza wanachaji ngapi.

Wenu,
mpishi wa pizza, Napoli, kwao Malindi